Promu ya kidato cha nne: tiketi 4,500, gauni juu, na sherehe "mpaka chee"

Mama Neema, Donholm

Wazazi wenzangu, hamjambo. Naomba mnisaidie kabla binti hajarudi shule.

Neema yuko kidato cha nne, shule ya bweni, na mwaka huu ndio anafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Yuko nyumbani likizo ya Agosti na tangu afike ni wimbo mmoja tu. Kuna bango linazunguka WhatsApp, promu (sherehe ya kuagana) ya "waliomaliza 2026", katika ukumbi mmoja kando ya Barabara ya Ngong, Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani, kuanzia saa moja usiku mpaka chee. Rangi ni nyeusi na dhahabu. Tiketi ni shilingi 4,500 kwa mmoja, 8,000 wakija wawili wawili, na anayelipa kabla ya Agosti kuisha anapunguziwa 500. Pesa zinatumwa kwa nambari ya simu ya mtu, si tili wala peibili, zile nambari za biashara za M-Pesa. Mimi nina kibanda cha M-Pesa, kwa hivyo hilo ndilo lililonigonga kichwa kwanza.

Hapo gauni bado. Nywele, kucha, viatu, mkoba, teksi ya kwenda na ya kurudi, yote ameniandikia kwa karatasi ya daftari na kupiga mistari miwili chini ya jumla kama mhasibu. Elfu kumi na tisa na ushenzi. Karo ya muhula wa tatu haijaisha na babake ni dereva wa lori, hata sijamwonyesha hiyo karatasi.

Nilimuuliza kama ni ya shule. "Ni ya wanafunzi, mama." Nikampigia mwalimu wake wa darasa, akacheka kidogo, akaniambia shule yao ina siku ya maombi tu, na hiyo tuliimaliza muhula wa pili, mimi mwenyewe nikiwepo na chupa ya mafuta ya upako mkononi.

Ninajua hii homa imetoka wapi. Ana binamu yake anayesoma shule ya mtaala wa Uingereza. Huyo alifanyiwa promu mwezi wa Juni, hotelini, picha zikaja kwa simu ya familia nzima. Neema alizitazama hadi nikamhurumia.

Sasa niambieni. Hizi promu za mabango ni za kweli? Gauni la maana naweza kulipata kwa pesa ngapi bila kuuza friji? Na nyinyi wenye watoto wa rika hili, mnawaachilia? Wale wa "siku zetu hatukuwa na hayo", tafadhali ngojeni kwanza. Nina mume wa kuniambia hivyo, na atarudi kutoka Malaba Ijumaa.

---

Mzee wa South B

Sherehe ya nini na matokeo hayajatoka? Hayo ni ya Januari. Akipata B nipigieni simu nilete mbuzi. Akipata D mtachemsha hilo gauni mle.

---

Nyambura K.

Mzee, umeombwa usubiri na hukusubiri hata mistari miwili.

---

Fundi wa Kenyatta Market

Mama Neema, habari ya huko. Mimi ni fundi wa nguo Kenyatta Market, upande wa cherehani, si upande wa nyama. Hilo la gauni nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linalonilisha. La ukumbi nina neno pia, lakini litangoja.

Kazi ya promu kwangu ina misimu miwili. Kuanzia Mei hadi Juni wanakuja wa shule za IGCSE na A-level, mitihani ya Uingereza, kwa sababu mitihani yao inaishia wakati huo. Hao huja na mama, picha kumi na tano kwa simu, na kila picha ina gauni tofauti ila wanataka yote kwa moja. Halafu Novemba wanakuja wa KCSE. Hao huja watatu watatu bila mzazi, picha moja, simu moja yenye kioo kilichopasuka, na elfu mbili za kuanzia ambazo wamezihesabu mara nyingi njiani. Nasema wazi kwamba nawapenda zaidi hawa wa Novemba. Wanajua bei ya kitambaa na wanakuuliza kwa nini.

Sasa, msichana wa bweni ana shida yake ambayo mama wengi hawaifikirii. Ukimleta leo nikampima, anarudi shule kukesha na vitabu na kula githeri hadi mwisho wa Novemba. Mwili utakaotoka huko si huu. Wapo wanaonona, lakini wengi hukonda, mtihani huwala. Ukimshonea gauni la zipu ya kufichwa likamkaa sawasawa Agosti, Novemba ama zipu inagoma kwenye mbavu ama kifua kinaning'inia. Ikishafika hapo ni Ijumaa jioni, sherehe ni kesho, na mtoto analia juu ya meza yangu ya kukatia.

Kwa hivyo wa bweni siwatilii zipu. Ninaacha mgongo wazi, ninashona vitanzi vidogo pande zote mbili, ninapitisha kamba kwa msalaba kutoka juu hadi kiunoni, na ndani yake naweka kipande cha kitambaa kile kile ili ngozi isionekane. Akija amekonda unavuta kamba. Akija amenona unalegeza. Watoto wanadhani nawafuatishia mtindo wa TikTok, na kweli huo mtindo upo, nami siwaambii zaidi. Mishono ya ubavuni naiachia akiba ya inchi nzima badala ya nusu. Na upindo wa chini siushiki kabisa mpaka siku ya mwisho. Nampandisha juu ya stuli na viatu vyenyewe vya usiku ule miguuni, si raba, si "viatu vinavyofanana na hivyo", ndipo naweka pini kuzunguka. Inchi mbili za kisigino ndiyo tofauti ya gauni linaloelea na gauni linalomwangusha mtu kwenye ngazi.

Kitambaa. Satini ya upana wa inchi 60, gauni refu lisilo na mkia, msichana wa kimo cha kawaida, mita tatu na nusu zinatosha. Ukitaka sketi iwe ya kumwagika ongeza nusu. Nenda Islii (Eastleigh) mwenyewe, usitume mtoto, na satini ya maana utaipata kwa 400 mita moja. Biashara Street pia ipo lakini utalipia. Ile ya kung'aa sana ya 200 iache hapo hapo. Ukiipitishia pasi inashika alama, na jasho likiingia chini ya kwapa linaonekana hata na mpiga picha aliye mlangoni. Bitana mita mbili na nusu, 200 kila mita.

Atakuonyesha kitambaa cha visahani vidogo vya kumetameta, kwa sababu bango limesema dhahabu. Mimi hushona, sikatai kazi, lakini ujue kinacholipiwa. Hivyo visahani sindano haivipendi. Lazima nivibandue kimoja kimoja kwa mkono pale mshono unapopita, kila upande, kisha nishone, kisha nirudishie vingine kwa uzi pale palipobaki upara. Ni siku nzima kazi ambayo hakuna atakayeiona, na inaongeza elfu moja na mia tano. Na bado vitamkwaruza kwapani akianza kucheza. Kama ni dhahabu, weka mkanda wa dhahabu kiunoni na hereni. Mwili wa gauni uwe mweusi. Mweusi atauvaa tena kwenye harusi, kwenye ruracio ya kulipa mahari, hata kwenye mahafali ya chuo Mungu akipenda.

Tena kumbuka Novemba ni mvua za vuli. Gauni la kuburura chini ni zuri hotelini penye zulia kutoka kwenye gari mpaka mezani. Kutoka stejini Donholm hadi Barabara ya Ngong ni tope. Mimi hulikata liishie juu kidogo ya kifundo cha mguu na nikiulizwa nasema ndivyo linavyovaliwa mwaka huu.

Hesabu yake basi. Kitambaa 1,400, bitana 500, kamba na uzi na vikombe vya kifuani 400, ufundi wangu 3,500. Elfu tano na mia nane. Yeyote atakayekutajia chini ya hapo sana, muulize kama bitana imo.

Njia ya pili ni mtumba, na hakuna aibu ndani yake. Gauni za promu za Marekani zinakuja kwenye beli, zimevaliwa usiku mmoja tu, nyingine lebo ya bei bado inaning'inia. Toi au Gikomba, uende asubuhi siku ya kufungua beli ukapate kamera, yaani nguo bora, usingoje fagia, masalia ya mwisho. Utapata la 1,200 hadi 2,000 ambalo mimi siwezi kushona kwa elfu kumi. Kabla hujatoa pesa geuza ndani nje. Tazama kwapa, doa la jasho kwenye satini halitoki hata uombe. Vuta zipu mara mbili tatu. Tazama upindo kama ulikanyagwa. Na ununue kubwa, usinunue dogo. Kubwa nalipunguza kwa 800 nikiwa nakunywa chai. Dogo lazima liongezwe kipande ubavuni, na kipande huonekana hata nikifanyaje.

Nywele msukie hapa hapa sokoni lakini uulize bei mapema, kwa sababu Novemba ikiisha watu wameanza kusuka za Krismasi na bei hazishikiki. Na usimpe fundi yeyote zaidi ya nusu kabla ya kazi, hata mimi.

Haya, ukumbi. Mimi siendi kwenye hizo sherehe lakini gauni hunirudia. Jumatatu na Jumanne baada ya promu wanakuja kurekebishiwa ili wauze kwa mwingine, na nguo nikiitandika mezani naisoma. Gauni la promu ya shule linarudi na mchuzi mbele na upindo mchafu, basi. Gauni la mpaka chee linarudi kamba zimekatwa kwa makasi, kisigino cha mtu mwingine kimepasua nyuma, tundu la sigara hapa kiunoni. Msichana mwenye lile tundu aliniambia yeye havuti. Nilimwamini. Moto ulikuwa umeingia kutoka nyuma, mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki.

Kwa hivyo mama, hayo ni mambo mawili na usiyafunge kwa kamba moja. Ukumbi unaweza kuukataa. Gauni usimnyime.

---

Mwalimu wa Zamu

Fundi amesema ya nguo, mimi niseme ya shule. Nimefundisha shule ya umma miaka mingi na sasa niko ya binafsi ambako promu huwa tunaiandaa sisi walimu, kwa hivyo nimeona pande zote mbili.

Kwanza jueni kwa nini mabango haya yana soko. Zamani shule ya umma ilikuwa na shughuli zake za kuwaaga watahiniwa muhula wa tatu. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu, Fred Matiang'i akiwa waziri, ikapiga marufuku siku za maombi, za kutembelea wanafunzi na za kutuza katika muhula huo, ili kuziba mianya ya wizi wa mtihani. Sababu ilikuwepo, sibishi, wizi ulikuwa umekithiri. Lakini tazameni kinachobaki. Maombi yamesogea muhula wa pili, watoto bado wana miezi ya kusoma. Na mwisho wenyewe hauna umbo. Masomo ya kuchagua hayaishi siku moja, kwa hivyo huyu anamaliza karatasi yake Jumanne, anarudisha vitabu, anasainiwa fomu, anabeba godoro anakwenda. Mwenzake wa dawati moja anabaki hadi wiki inayofuata. Wamekaa pamoja miaka minne na wanaachana mmoja mmoja langoni, mlinzi akiwa ndiye wa kuwaaga. Kuandikiana kwenye mashati kwenyewe shule nyingi tunakukataza. Pengo hilo tumeliacha sisi, na mtu mwenye simu na ukumbi ameliona.

Huko Marekani ambako mambo haya yalitoka, ilianzia vyuoni mwishoni mwa karne ya 19 kisha ikashuka hadi shule za upili, na kwa kawaida ni shule inayoiandaa. Ina walimu wasimamizi. Wetu wa mabango wamechukua gauni, wamechukua taji la mfalme na malkia, wamechukua zulia jekundu, walimu wakawaacha.

Yetu inaanza saa kumi na moja jioni na taa zinawashwa saa nne usiku. Mzazi anamshusha mtoto mlangoni na jina linawekwa alama kwenye orodha. Mikoba inakaguliwa, na chupa za maji pia, kwa sababu si kila maji ni maji. Akitoka nje ya mlango harudi ndani, na tunampigia mzazi wakati huo huo. Baa ya hoteli inafungwa upande wetu, tunaandikiana hivyo kabla ya kulipa amana. Hakuna kulazimishana kuja wawili wawili. Hilo la bei ya 8,000 kwa wawili silipendi hata kidogo, linamfanya msichana asiye na mtu atafute mtu.

Na bado tuna tatizo letu, tusijifanye watakatifu. Saa nne tunawakabidhi, saa tano wako kwenye afta, sherehe ya baada ya sherehe. Wamechangishana, wamekodi nyumba ya siku moja Kilimani kwa jina la kaka ya mtu, na mzazi anadhani mtoto yuko kwa rafiki. Mambo yanayonipigisha simu usiku hayajawahi kutokea ukumbini. Yanatokea huko.

Mama Neema, mpigie mwenye ukumbi, si mwenye bango. Uliza ukumbi umechukuliwa kama shughuli gani, uliza baa, uliza nani ametia sahihi. Sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini darasa la kidato cha nne lina wa 17 na wa 18 na wa 19 wamechanganyika, na mhudumu wa usiku haulizi kitambulisho meza yenye gauni.

Mwakani ndio mtakoma. KCSE ya 2027 ndiyo ya mwisho ya mfumo wa elimu wa 8-4-4. Naliona bango tayari.

---

Kaka wa Umoja

Mimi nilimaliza 2019, shule ya kutwa huku Eastlands, kwa hivyo nazungumza kwa niaba ya watoto kidogo.

Sisi promu tuliiona kwa simu tu. Tulichanga mia saba kila mtu, binamu ya mmoja wetu alikuwa kondakta, tukakodi matatu ya viti 33 kwa siku, muziki ukiwa ndani tayari, tukaenda Fourteen Falls kule Thika. Tulibeba chapati na soda na kuku wa kukaanga kwenye ndoo. Saa moja jioni tulikuwa Umoja. Hakuna aliyevaa suti isipokuwa jamaa mmoja aliyesema hakuna atakayemzuia, akapanda mawe ya mto na viatu vya ngozi. Ndiye tunayemkumbuka hadi leo.

Mama Neema, ukiniuliza, anachotaka binti yako zaidi ni picha. Si vibaya. Binamu yake ana picha na yeye hana. Sasa picha hazihitaji saa saba usiku. Zote zinazopostiwa hupigwa saa mbili za kwanza, kabla jasho halijaanza. Wapelekeni wasichana watano na magauni yao Arboretum saa kumi jioni, jua likiwa upande, na mpiga picha mmoja kutoka pale Aga Khan Walk. Wale vijana wanakutoza kwa picha, unachagua zile unazotaka, na ukiwaambia ni watu watano bei inaongeleka. Mtaniambia.

Na mzee wa South B, mimi nilipata C. Mbuzi wangu yuko wapi?

---

Mzee wa South B

C ni kuku.

---

Mama Neema, Donholm

Nimesoma kila neno, asanteni sana. Fundi, nimempa babake asome la gauni na amecheka peke yake barazani, kwa hivyo umeshanisaidia nusu ya kazi.

Nilipiga simu ukumbini kama mwalimu alivyosema. Ukumbi upo na amana imelipwa, hapo hakuna uongo. Lakini umechukuliwa kama tamasha la muziki. Baa wazi, mlango wazi kwa yeyote mwenye tiketi, umri haujaandikwa popote. Mama wa pale alinijibu kwa upole tu, akaniambia "mama, huo ni usiku wa kawaida kama Jumamosi nyingine yoyote." Halafu nikampigia kijana wa bango. Nikamuuliza ni mwalimu yupi atakuwepo. "Mathe, hawa si watoto wa chekechea tena." Nikamuuliza, na wewe ulimaliza mwaka gani? Akasema 2017. Miaka tisa imepita na bado anafanya promu.

Neema nimemwambia yote, na nimemwekea simu kwa sauti asikie jibu hilo la 2017 kutoka kwa mwenyewe, kwa sababu nilipiga tena. Hakusema kitu. Alienda chumbani akafunga mlango, si kwa kishindo, nikajua ni mbaya zaidi ya kishindo. Jioni akatoka kuosha vyombo ambavyo si zamu yake, akaniuliza bila kunitazama, "Na gauni?" Nikamwambia gauni utashonewa.

Sasa tumeunda kikundi cha mama watano wa darasa lake, na hapo ndipo nimegundua kwamba kijana wa bango ana kazi ngumu kweli. Mmoja anataka ukumbi wa mtaa hapa Donholm, wa pili anasema ukumbi wa kanisa ni bure. Mke wa mchungaji amekubali ukumbi ila hataki dijei, anasema kuna kwaya ya vijana ina vyombo. Wasichana wakisikia hilo la kwaya tumekwisha. Mama Wanjiku anataka pilau, Mama Atieno anasema pilau ni ya matanga na harusi, tuchome nyama. Swali la kama wavulana wataalikwa liliulizwa jana saa mbili usiku na mpaka sasa hakuna aliyelijibu, tiki zote ni za buluu.

Ila saa nne usiku tumekubaliana wote, na kila mama anamchukua wake mlangoni. Hilo la afta limetuingia.

---

Baba Kevo, Kayole

Hapo kwa wavulana mkiwaalika mniambie, wangu yuko shule ya jirani na hao wasichana na naona amepata habari kabla yangu. Fundi, wa kiume je? Suti ya kukodi mjini nimetajiwa 2,500 kwa siku moja na amana juu. Naona kama nimeibiwa nikiwa macho.

---

Fundi wa Kenyatta Market

Baba Kevo, usikodi. Suti ya kukodi imepunguzwa na kuongezwa mara nyingi mpaka haina umbo la mtu. Suruali ya sare yake kama ni nyeusi au kijivu cha kukolea inatosha, ipigwe pasi tu, usiku hakuna atakayeitambua. Shati jeupe la shule pia, kama hawajaliandika majina. Unachotafuta ni koti peke yake. Gikomba utalipata kwa 800 hadi 1,200 na ni sufu nzuri kuliko hizo za dukani.

Lakini aende mwenyewe, usimchagulie. Alivae likiwa na shati ndani, afunge kifungo kimoja, anyooshe mikono mbele kama anayeendesha baiskeli. Mshono wa begani uishie pale bega linapoishia, usiteremke kwenye mkono. Mikono mirefu napunguza kwa 400. Kiuno naingiza kwa 300. Kifungo nabadilisha bure. Mabega siyagusi, kwa sababu kuyabadilisha ni kulifumua koti lote na itakula pesa kuliko koti lenyewe.

Mama Neema, wewe mlete Jumamosi kabla ya saa nne, baadaye nina foleni ya sare za shule. Na satini mnunue mita nne, nimeona kwenye picha uliyonitumia kwamba ni mrefu kunishinda mimi.